Mishale Minne, Nusu Saa

Laptopu iliingia kibandani kwangu ikinuka soda ya machungwa. Mwenyewe alikuwa kijana wa chuo, na alikuwa na ile aibu ya mtu aliyemwagia mali yake kinywaji kwa mkono wake mwenyewe. Mimi ni fundi wa simu hapa Kondele, Kisumu, karibu na lile daraja la juu, na laptopu huwa nazipokea tu nikiwa na njaa, kwa sababu zina skrubu nyingi na wenyewe wana maswali mengi. Siku hiyo nilikuwa na njaa.

Nikaifungua, nikaisugua bodi kwa spiriti na mswaki, nikaianika, kisha nikaifunga kibodi niliyoing'oa kwenye laptopu nyingine iliyokufa zamani. Kijana aliporudi nikamwambia ajaribu vitufe mwenyewe, nikiona, maana nimeshaumwa na wateja wanaorudi baada ya wiki mbili kudai herufi fulani haiandiki. Akaandika jina lake. Akapiga nambari zote. Halafu akasema, "Na mishale, fundi? Ngoja niijaribu na gemu, kuna moja inatumia mishale tu."

Skrini ikawa nyasi. Katikati kakasimama kajamaa kadogo ka vidoti vikubwa vikubwa, kama michezo ya zile kanda za kuchomeka tulizocheza utotoni kwa jirani mwenye televisheni. Popo wakaanza kuja kutoka pande zote. Kijana hakubofya kitufe chochote cha kupigana. Alikuwa anatembea tu, na mjeledi unajichapa wenyewe, ta, ta, kila baada ya muda mfupi, upande ule kajamaa kalikoelekea.

"Unapiga na nini?" nikamwuliza.

"Sipigi, fundi. Kazi yangu ni kukimbia."

Akanipisha nijaribu. Nikafa dakika ya nne. Nikaomba tena, nikafa dakika ya sita. Mara ya tatu nilikuwa nimeshaegemea mbele, miwani ya kuangalia bodi bado ipo kwenye paji la uso. Nilipokufa nikamwambia aiache laptopu hadi kesho, tuone kama kibodi itashika. Kibodi ilikuwa imeshashika. Huo ni uongo wangu na naukubali.

Gemu inaitwa Vampire Survivors. Jina linaahidi wanyonya damu na mimi sikukutana na hata mmoja. Nilikutana na popo, mifupa inayotembea, na maua yanayokuzingira kama watu wa mchango wa harusi. Adui akifa anaacha kijiwe kinachong'aa. Ukiokota vya kutosha unapanda daraja, mchezo unasimama, unaletewa vitu vitatu, wakati mwingine vinne, na unaambiwa uchague kimoja. Kisu, au fimbo ya uchawi, au mabawa, au kitabu kinachokuzunguka kikiwagonga watu. Unaweza kubeba silaha sita na visaidizi sita, basi. Unachagua, unaendelea kukimbia, na maadui wanazidi. Dakika ya kwanza unawahesabu. Dakika ya kumi na tano huoni nyasi.

Sasa lazima niseme jambo ambalo wanaonijua Kondele wanalijua tayari.

Kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa mtu wa kubeti. Nilianza na mikeka ya mpira, Jumamosi, shilingi 50, kama kila mtu. Mikeka ikachanika, nikahamia kandege. Ambaye hajakaona, ni hivi: kandege kanapaa kwenye skrini ya simu, na nambari inapanda nako, 1.20, 1.85, 2.60, na wewe unatakiwa utoe pesa yako kabla hakajatokomea. Ukichelewa kidogo tu, hakuna kitu. Mzunguko mzima ni sekunde chache, na mwingine unaanza hapo hapo. Mpira angalau unakupa dakika 90 za kufikiria ujinga wako.

Kuna siku mteja, mama mwalimu, alinitumia 2,800 za skrini. Nikapanda matatu hapa Kondele kwenda mjini, kwenye duka la spea. Si mbali, wenyeji wanajua. Nikakaa nyuma dirishani, nikafungua simu nione saa. Tulipopita Kibuye nilikuwa nimebakisha 1,900. Niliposhuka mjini nilikuwa na 40. Nilifika hadi mlangoni pa duka, nikasimama, nikasoma bei za skrini zilizobandikwa ukutani kama mtu anayechagua, kisha nikarudi Kondele kwa miguu. Ile 40 sikutaka kuigusa, sijui niliiheshimu kwa nini.

Jioni hiyo nilikula chapati za mkopo. Ng'ambo ya barabara, mkabala na kibanda changu, kuna mama anayekaanga chapo na kupika ndengu, na deni langu lilikuwa na ukurasa wake kwenye daftari. Hakuwahi kuniuliza kama nimebeti. Alikuwa anauliza, "Leo unalipa ama unaandika?" na kwa jinsi ninavyojibu alijua yote.

Skrini ya mwalimu niliinunua baada ya siku kumi na mbili, kwa pesa ya mkopo wa simu. Sitasema nilimdanganya nini katika hizo siku kumi na mbili.

Kwa hiyo mnielewe niliposhtuka. Usiku ule na laptopu ya watu, nimefunga nusu ya mlango, nilifanikiwa kumuua adui mmoja mkubwa, akaangusha sanduku. Nikalikanyaga. Kila kitu kikasimama. Muziki ukabadilika, miale ya rangi ikapaa juu, vipesa vikaruka, picha za silaha zikapita mbio mbio mbele ya macho, na mimi sijui nitapata kitu kimoja, vitatu au vitano. Nywele za shingo zikanisimama. Hisia ile naijua. Naijua inapoanzia, hapa chini ya mbavu, na najua inapokwenda. Niliondoa mkono kwenye kibodi kama mtu aliyegusa waya.

Kikatoka kimoja. Mabawa, nadhani.

Baadaye nilisoma habari za aliyeitengeneza na nikacheka peke yangu. Ni Mwitaliano aitwaye Luca Galante, anaishi Uingereza, na kabla ya gemu hii alifanya kazi ya kuandika programu kwenye biashara ya michezo ya kamari. Kumbe! Mtu huyo alifundishwa kazini mahali binadamu anapowashwa na namna ya kumkuna. Akatoka na ujuzi huo, akaenda kuutumia kwenye sanduku ambalo halina mahali pa kuingiza pesa. Sanduku linawaka, linacheza, linakuringia, na mwisho wake wote ni mjeledi wako kuwa mrefu kidogo. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi nikichomelea. Taa ni zile zile na kelele ni zile zile. Kilichong'olewa ni mfuko tu.

Na hakuwa tajiri aliyekuwa akijaribu bahati. Inasemwa kwamba picha na muziki vilimgharimu kama pauni 1,100 tu, kazi aliyoifanya kwa takriban mwaka mmoja. Desemba 2021 akaiuza mtandaoni ikiwa bado haijakamilika, kwa chini ya dola 3. Ilipokamilika, Oktoba 2022, ikawa dola 5 kasoro senti. Machi 2023, kule London, ikapewa tuzo ya gemu bora ya BAFTA, zile tuzo kubwa za Uingereza, ikiziacha nyuma Elden Ring na God of War Ragnarök, ambazo ni kazi za makampuni makubwa yenye mamia ya wafanyakazi. Kijana wa chuo alinisimulia hayo kwa fahari kama kwamba Galante ni binamu yake.

Alipochukua laptopu yake niliteseka siku tatu. Ya nne nikafungua ile kadi ya Visa iliyo ndani ya M-Pesa, nikanunua ya kwangu na kuiweka kwenye laptopu yangu ya zamani yenye RAM ya GB 4. Ilinitoka kama shilingi 650 kwa bei ya dola ya siku hiyo. Shilingi 650 mimi nilikuwa nazijua kwa kipimo kingine: kwa kandege ni dakika tano. Nilibonyeza kukubali huku nikisubiri ile aibu ije, ile ya kuchungulia salio baadaye. Haikuja. Siku hizi ipo ya simu pia, na hiyo ni bure tangu Desemba 2022. Matangazo yanakuja tu ukiyaita mwenyewe, ukitaka kufufuka mara moja au kuongezewa dhahabu. Wateja wanaosubiri ninawaonyesha hiyo.

Shemeji yangu wa Kakamega alikuja siku moja kutengenezewa spika. Akaniona nikivunja mshumaa, kuku akadondoka sakafuni, mzima, ameshachomwa, nikamkanyaga nikapona. Akasogeza kiti. "Ngoja. Huyo kuku anaponyesha?" Nikamwambia ndiyo, na ukishapata watano unafunguliwa kitunguu saumu kama silaha. Akasema aliyetunga gemu hii ana damu ya kwao, Waluhya wapenda kuku, hakuna Mwitaliano hapo. Kile kitunguu saumu, kwa taarifa yenu, ndicho kilichonitoa kwenye ujinga wa dakika za mwanzo. Kinakuzungushia duara la harufu, kila anayelikanyaga anaumia, na wewe unatembea tu katikati ya watu kama mzee aliyekunywa chang'aa, wanakupisha.

Kijana wa chuo ndiye aliyenifunza kwamba michezo ya aina hii ina ukoo, inaitwa roglaiki, na babu yao ni Rogue, gemu ya mwaka 1980 iliyoandikwa na vijana wawili wa California, Michael Toy na Glenn Wichman. Haikuwa na picha hata moja. Wewe ulikuwa alama ya @, na majini yalikuwa herufi: ukiona D inakujia, hilo ni joka, kimbia. Kompyuta ilikuwa inajenga mapango mapya kila unapoanza, hivyo huwezi kukariri njia, na ukifa umekufa, hakuna kurudi pale ulipoachia. Wajukuu wamekuwa wengi mno. Kuna watu waliokutana Berlin mwaka 2008 wakajaribu kuandika nani ni mwanaukoo na nani si mwanaukoo, na kwa vigezo vyao gemu yangu inatiliwa shaka, kwa sababu haingoji zamu, na dhahabu unayookota inabaki hata ukifa, na unaitumia kununua nguvu kabla ya kuanza tena. Mabishano hayo yananikumbusha wazee wanaokaa chini ya mwembe kuamua kama mtoto aliyezaliwa nje apewe kipande cha shamba. Mpeni, kuna shamba la kutosha.

Mimi nilichokipenda ni kule kutojua. Kwa wiki nzima niliupandisha mjeledi hadi daraja la nane, la mwisho, nikangoja muujiza, nikafa. Kumbe mjeledi unataka uwe umebeba pia kile kisaidizi kinachoitwa Moyo Mtupu, na baada ya dakika ya kumi ufungue sanduku la adui mkubwa. Hapo unageuka, unakuwa mwekundu, na kila unapochapa unakurudishia damu kidogo. Silaha nyingi zina mwenzake wa namna hiyo. Kitunguu saumu kinataka nyanya, na hilo sikulihitaji kufundishwa, nimepika. Lakini kinacholetwa mbele yako si wewe unayekipanga. Unaomba moyo, unaletewa mabawa. Basi unatengeneza na mabawa.

Hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku. Simu inayoingia asubuhi siichagui. Inaweza kuwa betri imefura, inaweza kuwa imelala ziwani Dunga usiku mzima ndani ya mfuko wa mvuvi. Nina spea hizi nilizo nazo, si zile ninazozitaka. Kufa kwenye gemu kulinipa kitu ambacho kandege hakakuwahi kunipa kwa mwaka na nusu: nilikuwa najua nimekufa kwa nini. Niligeukia ukutani, ama nilichagua kisu wakati nimezingirwa nyuma, ama nilifuata kuku kwa tamaa. Kandege kakitokomea kwenye 1.03, niambie ulikosea wapi. Na bado usiku unakaa kitandani ukijiambia umeona mpangilio. Tulikuwa na daftari, mimi na jamaa mmoja wa boda, tunaandika nambari. Daftari zima. Nililitumia baadaye kuwashia jiko.

Halafu kuna dakika ya 30. Kijana aliniambia mapema: ukifika nusu saa, maadui wote wanafutika, anakuja Mauti, amejifunika joho. Anakugusa mara moja. Unakufa, na gemu inakuhesabia kwamba umeshinda. Nilidhani ananitania. Ushindi gani huo? Lakini nilipomkuta mwenyewe nilielewa, au mwili wangu ulielewa kabla yangu. Nilikuwa na nguvu za ajabu, skrini nzima ni moto na vitabu, ningeweza kuendelea hadi asubuhi na nilitaka kuendelea hadi asubuhi. Akaja akanifukuza. Hesabu ikatokea, dhahabu ngapi, wangapi nimewaua, nikajikuta nimeangalia saa ya ukutani. Saa tatu na robo usiku. Nikafunga kibanda nikaenda nyumbani. Hakuna mchezo mwingine uliowahi kunifukuza. Ile mingine ilikuwa inanitumia ujumbe saa tisa za usiku kuniambia nimepewa raundi za bure.

Sitaki mtu adhani nimekuwa malaika. Gemu hii imekula saa zangu, na saa za fundi ni pesa. Jumanne moja nilikuwa nang'oa sehemu ya chaji kwenye simu ya mteja, blowa imewashwa, mkono mmoja umeishika na mwingine uko kwenye simu yangu, nikicheza kwa kidole gumba. Sanduku likadondoka. Nikaangalia sanduku. Harufu ndiyo iliyonirudisha, ile plastiki ya soketi imelainika na kulala kama mshumaa wa juzi, na kipande kidogo cha bodi pembeni kimekuwa cha kahawia. Nililipa 1,200 kutoka mfukoni na mteja sikumficha. Tangu hapo sichezi nikiwa na moto mkononi. Nacheza wakati betri ya mtu inachaji, mara moja tu. Mbili. Ikinyesha, tatu.

Ila usiku ninaoukumbuka zaidi ni kabla sijamkuta huyo Mauti. Ilikuwa jioni ya mvua, ile mvua ya kwetu inayotoka ziwani na upepo wake, barabara ikawa mto na boda wote wakajazana chini ya daraja. Hakuna mteja. Nikafika dakika ya 20, sijawahi. Ya 25. Nilikuwa na mjeledi mwekundu, kitunguu kilichopata nyanya, kila kitu. Dakika ya 28 nilikuwa nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi, goti liko juu ya kiti. Laptopu yangu haina betri ya maana, miaka miwili inategemea waya. Kinyozi hajinyoi.

Stima ikapotea. Kondele yote, mwaa, giza.

Nikabaki pale. Mabati yanapigwa, huwezi kusikia hata pumzi yako. Mkono wangu ukashuka mfukoni kutafuta simu, na nikaujua mwendo huo, ni ule wa zamani, wa kupoteza 100 na kuitafuta 100 nyingine kabla ya ile ya kwanza haijapoa. Ukaishika simu. Ukakaa nayo. Hakukuwa na cha kurudisha. Nikaitoa, nikawasha tochi, nikaangalia meza: bodi mbili, koleo, skrini ya mtu ikiwa bado kwenye karatasi yake.

Ng'ambo ya barabara jiko la makaa lilikuwa linawaka chini ya turubai. Mama alikuwa ameiona tochi yangu.

"Fundi! Mbona kimya hivyo?"

"Nimekufa, mama!"

Mvua ikajaza nafasi kidogo. Aliponiita tena sauti ilikuwa imeshuka, ile ya daftari.

"Na pesa?"

"Ipo."

"Ya skrini ya mtu?"

"Skrini iko hapa mezani, mama. Pesa ipo yote."

Nikauona mwiko wake ukigeuza chapati, taratibu, ukaigeuza tena.

"Haya. Nikutolee ngapi?"

"Mbili."

Nikavua viatu, nikakunja suruali hadi magotini, nikavuka maji nikiwa na arobaini mkononi.